Wasomaji wa Ruqia

Mwongeli hakuwa ameifungua riwaya yake tangu itoke kiwandani. Mswada alikuwa ameupitia mara nyingi hadi akaukinai, na hata siku hiyo asingeigusa kama Ruqia hangemwomba awasomee watoto sura ya kumi katika duka lake la vitabu pale Kitengela. Alipoifungua dukani kabla watoto hawajafika, baada ya sura ya tisa ilikuja sura ya tisa tena. Kisha ya kumi na moja.

Alichukua nakala nyingine mezani, akaipekua. Kosa lilikuwa lile lile. Akazipekua zote. Katika toleo zima, mpiga chapa alikuwa amejalidi sura moja mara mbili na kuiacha nyingine nje.

Hilo lingerekebishika. Lililomuuma ni jingine. Mwaka mzima Ruqia alikuwa akimwambia kwamba kitabu kinasomwa. Watoto walimiminika dukani kununua *Naisola Mpanda Fisi*, mfululizo uliouzwa kuliko kitabu chochote mjini, na wakiumaliza, alisema Ruqia, wanatafuta maajabu mengine, wanachukua *Kisima cha Moshi* cha Mwongeli. Mwongeli hakuwa mtu wa kumeza maneno matupu. Aliuliza, akajibiwa: fulani amekimaliza, fulani anaulizia cha pili. Kwa ushahidi huo aliacha kazi ya ualimu Kajiado ili aandike hicho cha pili. Nafasi yake ilikuwa imeshajazwa.

Alimfuata Ruqia kwenye kaunta, alikokuwa akimimina chai ya wageni.

"Ruqia, sura ya kumi uliionaje?"

"Ile ya kifo cha mleta mvua? Wallahi nililia, mpaka Daud akaniuliza nani ameniudhi. Nikamwambia, mke wako ameuawa na Mwongeli!"

Mwongeli ndiye aliyemsimulia kifo hicho, kabla hata hajakiandika.

"Na watoto?"

"Hao ndio usiseme. Kafiya wangu alikataa chakula."

Mwongeli aliweka kitabu wazi mbele yake. Ruqia akasoma kichwa cha sura, akageuza kurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Tabasamu likamfifia polepole.

"Nilikuwa sitaki uvunjike moyo, dada. Si nilijua ni kizuri?"

"Ulijuaje?"

Ruqia akarudi kumimina chai.

"Nilikuwa na kazi, Ruqia."

Watoto walikuwa wameshaanza kuingia, baadhi wamejipaka madoa ya fisi usoni. Msichana aitwaye Kavata alikaa mbele kabisa.

"Tichaa, Naisola atakuja?"

"Hapana. Ukimaliza vitabu vya Naisola, unasoma nini?"

"Narudia cha kwanza."

"Huyo ameshika yote kwa kichwa, Tichaa!" akadakia Morgan, aliyekuwa nyuma yake. "Sayansi ndio haishiki!"

"Nyamaza, wewe ulianza na kitabu cha mwisho!"

Kicheko kikavuma. Mwongeli alingoja kiishe, kisha akainua *Kisima cha Moshi*.

"Na hiki?"

"Nilianza," Kavata alisema. "Haiko na fisi. Nikaacha."

"Lakini unapenda hadithi za maajabu?"

"Napenda Naisola."

Lilikuwa jibu safi, lisilo na huruma wala uongo. Mwongeli angeweza kulipata mwaka uliopita, kwa kumuuliza mtoto mmoja. Badala yake alimuuliza rafiki.

"Leo nilikuwa niwasomee sura ya kumi," aliwaambia. "Haimo. Haimo katika nakala yoyote iliyowahi kuuzwa. Kuna aliyejua?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Kwani inasema nini?" Kavata aliuliza.

Mwongeli alikuwa ameanza kukusanya vitabu vyake mezani. Hakuinua macho.

"Muulizeni Auntie Ruqia. Duniani ndiye peke yake aliyeisoma."

Watoto wote wakageukia kaunta, wakasubiri.