Zamu ya Shamsia

Kila mwezi Shamsia alitoka gerezani kwenda kliniki, na kila mwezi nilimwombea gari limharibikie njiani.

Alikuwa mahabusu kutoka Nanganga, binti wa miaka ishirini na mbili, mimba ya miezi sita. Mimi nimetoka Mnyambe, nimefungwa mwaka mmoja kwa kumkata shemeji yangu panga tulipogombania mikorosho ya marehemu mume wangu. Tulilala godoro moja. Asubuhi afande Oliva alimuuliza, "Mtoto anacheza?" Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Nilikuwa natoka damu tangu msimu wa korosho, kila mwezi siku kumi na mbili, kumi na nne. Pedi tulipewa pakiti moja kwa mwezi, na mwezi mwingine hatupewi. Nilichana kitenge changu, kikaisha, nikaanza blanketi. Niliwahi kwenda kwa tabibu wa gereza. Aliniuliza dirishani, foleni ya wafungwa wanaume ikiwa nyuma yangu, "Unaumwa nini?" Nikasema tumbo. Akanipa panadol.

Siku moja Shamsia alinikuta nafua vile vipande. Akaniletea pakiti yake.

"Mama Trevor, chukua. Mimi sasa hivi sizitumii."

Niliona ananiringia tumbo lake. "Kaa nazo," nikamwambia. "Sikukuomba."

Nikarudi kwenye blanketi langu, mapaja yamechubuka, naziona pedi zake zimekaa tu pale ukutani.

Mwezi wa tatu, siku yake ya kliniki, afande Oliva alipokuja kumchukua nilisimama mbele yake.

"Afande, na mimi ni mjamzito. Tangu niingie humu sijaona siku zangu."

Nilijua kinachofuata. Mfungwa akionekana na tumbo humu ndani, wataulizana nani aliingia huku. Afande akabadilika uso. Akasema askari wa kusindikiza ni mmoja, na mfungwa atakayetoka ni mmoja.

Shamsia alinitazama. Neno moja tu lingetosha kuniumbua. Akakaa chini, akaanza kuvua viatu.

"Mpeleke yeye, afande. Mimi nitakwenda wiki ijayo."

Sikumshukuru. Njia nzima nilikuwa na hasira: hata zamu hii kanipa yeye.

Hospitali walipima mkojo. Hakuna mimba. Afande alinishika mkono kwa nguvu. "Umenidanganya! Unajua umeniweka wapi?"

Muuguzi mmoja, Esther, alimwomba asubiri. Akanivuta kope ya chini, akaangalia ndani, kisha akafunga mlango.

"Unatoka damu siku ngapi, mama?"

Nikalia kabla sijajibu. Nilimweleza yote, mpaka blanketi. Walinipiga picha ya tumbo, wakaona uvimbe kwenye kizazi. Nililazwa siku nne, nikaongezewa damu chupa mbili. Daktari akasema nitapasuliwa, na huenda kizazi kikaondolewa. Nina miaka thelathini na moja, na Trevor ni mmoja tu.

Niliporudi nilimkuta Shamsia anasuka mkeka. Miguu ilikuwa imemvimba. Wiki yake ya kliniki ilikuwa bado.

"Walikupima?" akaniuliza.

"Nina uvimbe. Shamsia, nilikuchukulia zamu yako."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekufa humu ndani, Mama Trevor. Nilikuwa nakuona." Akavuta ukindu. "Ila ungeniambia unaumwa, tungekwenda kumwambia afande wote wawili. Mimi nilikuwa na hofu na mwanangu siku zote zile."

Nikakaa, nikamkanda miguu hadi walipotuita kula.

Alijifungua mwezi wa sita, mtoto wa kike. Alipoletwa nilimtazama mara moja, nikageukia ukuta. Tarehe yangu ya kupasuliwa ilikuwa imeshatoka. Shamsia hakunilazimisha kumpakata. Alimlaza katikati yetu, akajilaza upande wake, na mtoto akanishika kidole.

Sikukiondoa.