Majina Mawili, Shati Moja

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, hayana hata punje ya chumvi. Nikidanganya, sindano inichome kidole hiki hiki ninachobonyezea.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi saa mstaafu. Hakustaafishwa na mtu. Alistaafishwa na simu, siku watu walipoanza kuchungulia saa mifukoni. Tangu hapo alishinda kwenye duka la kushonea nguo la binti yake, juu ya stuli iliyo kati ya pasi na kopo la vifungo, akisimulia alivyowahi kutengeneza saa ya mnara huku akining'inia kwenye mshale wa dakika. Duka zima lilimwita Fundi Saa, na hakuna aliyemwamini.

Vipimo vya wateja vilihifadhiwa kwenye kompyuta. Programu yake aliitunga mjukuu kabla hajaenda chuoni, akaacha na kitabu kinene cha kujifunzia lugha ya kompyuta aliyoitumia. Fundi Saa akakidaka. "Saa niliijua kwa kuifungua," alisema. "Kompyuta ni saa tu, imekosa mishale."

Sura ya kwanza ilisema unaandika darasa kwanza, halafu kutokana na darasa unatengeneza vitu.

"Darasa gani hili lisilo na madawati?" alinung'unika.

Mama Mkasi, mkataji wa duka, hata hakuinua kichwa. "Mzee wangu, si ndiyo karatasi yangu ya kukatia hii? Karatasi huivai. Inasema tu shati lina kola, lina mgongo, lina mikono. Mashati ndiyo yanayotoka humo, kila moja na vipimo vyake."

Mzee akapiga paja. Mwanamke ambaye hakuwahi kukigusa kitabu kile alikuwa amemaliza sura nzima, na pini zimo mdomoni!

Mama Mkasi alikuwa na miaka ishirini na sita ya kukata nguo, na ndiye aliyemfundisha binti kushika sindano. Zamani aliandika vipimo kwenye daftari. Kompyuta ilipoingia, binti alilipiga daftari marufuku.

Jumanne mchana, binti akiwa ametoka, mzee alifika sura ya tatu, inayofundisha kubadilisha kitu. Akatamani kujaribu kwa mteja wa kweli, ila aliogopa kuharibu. Basi akamchagua Mwalimu wa Kwaya, aliyekuwa ameagiza shati la tamasha, akaandika mstari mmoja: sokwe = mwalimu. Yaani apate nakala ya kuchezea, iitwe sokwe. Akampa sokwe mikono ya kufika magotini, akacheka peke yake mpaka machozi, akafunga programu. Nayo programu, kabla ya kuzimika, ikahifadhi kila kitu kama ilivyozoea.

Alhamisi, Mwalimu wa Kwaya alivaa shati lake mbele ya kioo. Mikono ikaning'inia.

"Hili ni la kuimbia au la kudekia?" aliuliza, akalivua, akaondoka.

Binti alifungua kompyuta. "Nani aliingiza vipimo vyake?"

"Mimi," alisema Mama Mkasi. "Mkono hamsini na nane."

"Humu hakuna hamsini na nane."

"Hata mimi nilipokata nilishangaa, nikasema labda ndio mtindo. Si uliniambia nisibishane na mashine?"

"Mashine haijiandikii, mama." Binti akanyoosha mkono. "Nipe mkasi. Kwa sasa utapiga pasi."

Fundi Saa alitulia tuli kwenye stuli yake. Yeye aligusa nakala, si mwalimu. Alitulia hivyo mpaka alasiri, alipofunua sura ya nne. Iliandikwa waziwazi: alama ile ya sawa haitengenezi kitu kipya, inakipa kitu kilekile jina la pili. Ukimvuta sokwe mkono, umemvuta mwalimu.

Kitabu kilimponyoka. Yeye mwenyewe kwa mama yake alikuwa na jina, dukani ana jingine, na akizabwa kibao shavu ni lilelile. Hilo nalo lilihitaji kitabu?

Angesema kesho. Kesho ilipofika, akasema kesho. Pasi ilifoka mvuke karibu na goti lake, na kila ilipofoka aliisikia ikisema "wewe, wewe". Aliokota vifungo vilivyoanguka. Alimletea Mama Mkasi maji ambayo hakuyaomba, akasifia anavyonyoosha kola. Mwenye hatia ana adabu kuliko bibi harusi.

Jumamosi mchana Mama Mkasi alimsogelea, akashusha sauti. "Mzee wangu, wewe ndiye msomi wa mashine hii. Nilibonyeza wapi vibaya?"

"Vidole huteleza," mzee alisema. "Hata vyangu."

"Si vidole, ni macho. Leo nimepima shati nililolipiga pasi, nikasoma futi mara tatu na sikujiamini hata mara moja. Jumatatu sirudi." Akaanza kukunja aproni yake.

Hapo ulimi wa Fundi Saa ukafunguka, ila kwa mlango wa nyuma. "Kabla hujaondoka, nikupe kisa. Kuna mzee mmoja, rafiki yangu, wa duka jingine kabisa..." Akamsimulia yote: kitabu, sokwe, jina la pili, na mkataji aliyenyang'anywa mkasi.

Mama Mkasi alisikiliza hadi mwisho. "Rafiki yako huyo, naye amekikalia kitabu?"

Mzee alijitazama. Kona ya kitabu ilikuwa imechomoza chini ya makalio yake.

"Na alimwambia mkataji kuwa vidole huteleza, huku anamtazama usoni?"

"Alimwambia."

"Basi inuka ukamwambie binti yako. Na humo ndani asiwemo mzee mmoja, wala rafiki yako. Awemo mimi."

"Wewe tena?"

"Neno 'mimi', mzee! Ulitamke!"

Akaenda, akalitamka. Binti hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma baba yake. Alitoa mkasi kwenye droo, akaupeleka kwa mikono miwili. "Mama, nisamehe." Mama Mkasi akaujaribu hewani, kacha, kacha, akadai na daftari lake. Akapewa.

Kisha akakata hukumu kama anavyokata kitambaa, bila kurudia: mzee alivae shati lile dukani mpaka lichakae, na kisa chote akiandike kwenye kompyuta ileile.

Ndiyo, ni mimi. Naandika mikono ya shati ikiwa imekunjwa, na Mama Mkasi amesimama nyuma yangu, anasoma.

"Magotini?" anauliza. "Ilifika wapi, mzee?"

"Kwenye ncha za vidole."

"Uliongeza ngapi?"

"Sentimita kumi na mbili."

"Andika. Na ile saa ya mnara?"

"Ilikuwa ya mezani."

"Haya, rudi juu usome kiapo chako, halafu ulete kidole. Mashati ya kwaya nzima yanangoja vifungo, na vinashonwa kwa mkono."

Nimeshachomwa mara tatu.