Mke: Mmoja

Fundi viatu hakuwa na mke wa pili. Hilo tuliweke wazi mapema, maana kufika adhuhuri ya siku ile hata yeye mwenyewe alishaanza kulitilia shaka.

Alikuwa amesimama mbele ya dirisha la karani wa kituo cha afya, kofia mkononi, gundi bado imemgandia vidoleni. Mkewe alikuwa ndani. Uchungu ulimshika tangu alfajiri, mtoto kakaa vibaya, na daktari keshasema ni operesheni, tena upesi. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, amekumbatia mkoba wa nguo za mtoto.

Suala la malipo halikumtisha fundi. Mkewe si ndiye Mama Bima? Mtaa mzima ulimwita hivyo, kwa jinsi alivyopita mlango kwa mlango akiwahimiza wanawake wajiunge na bima kabla matumbo hayajawa makubwa. Wapo waliomwona kwa mbali wakajifungia ndani. Hata mumewe alimtania: "Wewe ukifika peponi utamuuliza malaika kama amejiandikisha." Lakini kadi yao ilikuwa hai, na siku yake ndiyo leo.

Karani akaipitisha kadi kwenye mashine, akakunja uso.

"Kadi hii imeshatumika kwa uzazi mwaka huu."

"Na nani?"

"Na mkeo. Alijifungulia hapa hapa, mtoto wa kike. Hongera."

Fundi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Ndugu yangu, mke wangu ana mimba. Mtu hawezi kuizaa mimba akabaki nayo."

"Sasa mimi nitajuaje ya nyumbani kwako? Kila mke analipiwa uzazi mmoja kwa mwaka, na kadi yako imeandikwa 'Mke: mmoja'. Huyo mmoja keshazaa. Huyu wa leo ni nani?"

Kadi zile za mwanzo hazikuwa na picha wala jina la mke. Aliyezitunga labda alidhani wake wote ni sare.

Benchi likalia. Mama mkwe kanyanyuka. "Mkwe wangu, nimesikia vizuri?"

"Mama, hata mimi sijasikia vizuri."

Mkunga alikuwa akipita na beseni. Karani akamwita atoe ushahidi, naye mkunga, mwanamke mcheshi asiyejua anatia petroli kwenye moto, akaangaza uso. "Aa, huyo namkumbuka! Malapa yake yameshonwa kwa uzi mwekundu. Nikamtania kwamba fundi wake haoni rangi. Akasema fundi mwenyewe ndiye mwenye kadi, na hajawahi kumtoza hata senti."

"Ehee!" mama mkwe akapiga makofi. "Kumbe na bure anashona!"

Uzi mwekundu. Fundi akaukumbuka. Uzi mweusi ulimwishia siku ile Dobi alipoleta malapa yake. Dobi alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, mfua nguo za watu, ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi na sasa anatafutwa yeye. Mama Bima alimbembeleza ajiunge, akambembeleza tena, lakini kila akiba aliyoiweka ililiwa na kodi ya chumba. Kisha Dobi akajifungua salama, fundi akafurahi, wala hakuuliza kwa kadi ya nani. Mtaani kwao vitu viliazimwa: ngazi, ungo, pasi. Kulikuwa na viatu vyeupe alivyokwisha kuvibadilisha visigino mara kadhaa, na kila mara vililetwa na bi harusi mwingine. Basi mkewe ameazimisha na kadi! Alitaka kumkasirikia, ila hasira haikupata pa kukaa, hofu ilishajaa kote.

Akisema kweli, kadi itafutwa na mkewe atabaki kitandani hivyo hivyo. Akikana, karani atataka fedha taslimu, ambazo hata akiuza kibanda na nyundo zake hazitafika. Kutoka ndani akamsikia mkewe akimwita, na sauti ile haikuwa na ukali wake wa nyumbani.

"Hebu niambie," akasema polepole, "mtu akiwa na wake wawili, bima inasemaje?"

"Unalipia nyongeza ya mmoja, naandika majina yao na watoto, tunaendelea."

Fundi akatazama sakafu. "Basi andika. Ninao wawili."

"Mungu wangu!" mama mkwe akapiga ukelele. "Mwanangu anangoja kisu, wewe unatangaza uke wenza!"

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe lipi? La yule au la huyu?"

 Fundi akatoa pesa aliyoiweka ya kununulia ngozi, akalipa, akayataja majina. Mlango wa chumba cha operesheni ukafungwa.

Mama mkwe alihamia ncha ya pili ya benchi. Mara Dobi akaingia mbio, mtoto mgongoni, povu la sabuni bado limo viwikoni. Habari ilikuwa imemfikia kwenye karai.

"Karani yuko wapi? Nataka kusema, mimi ndiye nili..."

"Karibu, mke wangu," fundi akamwahi. "Mwenzio yuko ndani."

Dobi akaduwaa. "Mke wa nani?"

"Wangu. Tangu asubuhi."

Mama mkwe akayatazama malapa yenye uzi mwekundu, kisha akamchungulia mtoto mgongoni. "Masikio ni ya baba yake," akasema kwa uchungu.

Mkunga alipotoka na habari kwamba ni wa kiume na mama yake yu hai, fundi alikaa chini sakafuni akalia bila aibu. Baadaye wakaruhusiwa kuingia, naye mama mkwe hakungoja hata salamu.

"Mwanangu, pole. Mumeo kaandikisha mke mwingine mbele ya macho yangu. Huyu hapa, dobi!"

Mama Bima akageuza kichwa taratibu. Midomo ilimkauka. Akamtazama mumewe, akamtazama Dobi, kisha akarudi kwa mumewe.

"Nyongeza umelipa?"

"Nimelipa."

"Na jina lake limeandikwa?"

"Lake na la mtoto."

Akafumba macho, machozi yakamtiririka hadi masikioni. "Miaka miwili nabisha hodi kwenye mlango huo," akasema. "Miaka miwili. Karibu kwenye bima, mke mwenzangu."

Dobi alimshika mkono akaangua kilio, na yule wa mgongoni akaamka akalia pia.

"Hakuna atakayenieleza?" mama mkwe akauliza.

Akasimama hapo, kachanganyikiwa, anawatazama wake wawili walioshikana mikono na mume wao anayelia kuwashinda wote. Mwishowe akamfungua mtoto wa Dobi mgongoni, akampakata.