Vifungo Vitano

Mlango wa maabara ulifunguliwa bila hodi. Mwanga wa jua ukamwagika ukutani na mistari yangu yote ikapotea.

"Funga, tafadhali!"

"Nafunga, mwanangu. Mimi fundi cherehani. Mwalimu mkuu anataka mapazia meusi, nimekuja kupima madirisha." Giza liliporudi akaona ukuta. "Ala! Nani kachora hivi?"

"Mwanga wenyewe, mama."

Nikamwonyesha leza nyekundu, na mbele yake kioo chenye nyufa mbili nyembamba kama unywele. Mwanga hupita kwenye nyufa zote mbili, kisha hukutana ukutani. Pengine husaidiana, pengine huuana. Ndiyo maana huonekana wekundu, giza, wekundu, giza.

"Kitu kizuri hivi, mbona umenuna?"

Nilikuwa mwalimu mgeni, wiki ya mwisho ya kipindi changu cha majaribio kazini. Asubuhi niliwapa wanafunzi jibu: kutoka mstari mwekundu hadi unaofuata ni milimita 4.16. Sasa nilikuwa nimekokotoa urefu wa wimbi, na hesabu ilidai mwanga huu ni wa kijani.

"Leza hizi za bei chee," nikalalamika.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ulipimaje?"

"Katikati ya mstari wa kwanza hadi katikati ya wa tano, milimita 20.8. Nikagawa kwa tano."

"Kwa tano?" Akasimama wima, akavuta blauzi yake ikanyooka. "Hesabu vifungo. Usione haya, mimi ni mama yako."

"Vitano."

"Na nafasi kati yao?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena. "Nne."

"Mwanafunzi wangu akikosea hapo, shati zima linakwenda upande."

Nikagawa kwa nne: 5.2. Wimbi likarudi kuwa jekundu. Nilitamani kumkumbatia.

"Na wale watoto?" akauliza, akikunja futi yake.

"Kesho nitawaambia. Nakuahidi, mama."

Kesho yake mwalimu mkuu aliingia bila taarifa, akaketi nyuma na fomu ya kunithibitisha kazini. Fundi hakuwepo, angejuaje? Ningeweza kusubiri kipindi kijacho.

"Jibu la jana lilikuwa na kosa," nikasema.

"Kosa letu au lako, mwalimu?" akauliza msichana wa mbele. Darasa likacheka.

"Langu."

Nyuma, kalamu ilianza kuandika. Nikanyoosha shati langu.

"Haya, hesabuni vifungo."