Sahani ya Otonglo

Upepo wa Jumanne uliezua mabati ya watu wawili pale soko la Otonglo, kisha ukaisukuma sahani ya mtandao iliyo juu ya mnara kando ya barabara ya Busia. Uliisukuma upana wa kidole tu, lakini sahani hizi ni kama mke na mume: zikitazamana uso kwa uso mambo yanakwenda, moja ikigeuza shingo kidogo, nyumba imevunjika.

Jumatano asubuhi Zuleha alikuwa ofisini Milimani, mbele ya skrini yake. Kazi yake ilikuwa kuchunga sahani zote za kampuni kutoka pale kitini. Kila sahani ina namba yake. Hamsini na kitu ni mzima, themanini ni mgonjwa wa kufa. Otonglo ilisoma themanini na tatu. Ilikuwa bado inapumua, ila ukurasa wake pale kwenye skrini ulifunguka kwa kujikokota.

Mzee Walubengo alikuwa tayari anapanda kuitibu.

Ndani ya kisanduku cha sahani mna kidude kinacholia. Mkwezi akielekeza pabaya kinalia pi, pi, polepole. Akikaribia pazuri kinaharakisha, mpaka mlio unakuwa mmoja mrefu, hapo anakaza bolti. Ndiyo sheria ya kampuni: mkwezi alenge kwa sikio lake, na asiyesikia hapandi. Sasa Walubengo alikuwa na miaka mitatu hajakisikia kidude hicho. Kabla ya minara alishika mashine ya kupasua mawe miaka kumi na miwili, na mashine ikala sauti zote nyembamba. Lori analisikia, ng'ombe anamsikia, wanaume wakibishana anawasikia. Ndege, hapana. Kidude, hapana.

Aliyejua ni Zuleha peke yake. Binti huyu wa mjini alikuwa na sauti nyembamba kama uzi, akajifunza kuishusha ikawa nzito kama ya mwadhini mwenye mafua, ili mzee aisikie kwenye simu. Alimsomea namba moja moja. Namba ikifika pazuri ndipo anauliza, kama ishara yao, "Mzee, inalia?" Naye mzee anajibu inalia, anakaza bolti. Miaka mitatu hakuwahi kumwuliza mapema. Hata mara moja.

Robinson, msimamizi, akaja akasimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai.

"Babu yako amefika juu?"

"Anakaribia, boss."

"Leo hakuna kumsomea namba."

Zuleha akageuka kwenye kiti.

"Ulifikiri sijui? Wandera ndiye anayemshikia kamba pale chini. Simu ya mzee huwa wazi, mwezi mzima anawasikia."

"Boss, kazi anaifanya. Hakuna sahani yake iliyowahi kurudiwa."

"Sijauliza kama anafanya." Robinson akanywa chai. "Ijumaa nasaini barua yako ya kuajiriwa kabisa. Naweza kuandika kwamba mzee hasikii. Naweza pia kuandika kwamba kuna mtu alimficha. Chagua wewe. Aende yeye, ama muende wawili."

Huyu Robinson kamba alifundishwa na Walubengo. Siku moja kule Sondu alifunga fundo vibaya, mzee akamteremsha mbele ya wateja, akamfungisha fundo lile mara kumi, watu wakihesabu kwa sauti. Fundo liliokoa shingo yake baadaye, lakini alichokikumbuka ni ile hesabu.

"Zima huo mlio," akasema.

"Kuzima?"

"Si unaweza kuuzima ukiwa hapa hapa? Zima, halafu umwulize kama inalia. Mwenye masikio atasema hapana."

Zuleha alitazama kitufe. Kila mtu ofisini alikuwa ameinua kichwa. Akabonyeza. Agizo likavuka mji kwa kuchechemea, likafika Otonglo, na kidude kikanyamaza.

Robinson akaiwasha simu ya mezani kwa sauti ya wazi. Watu wakasogea, wengine na mandazi mkononi.

"Mama Zule!" Sauti ya mzee iliingia na upepo wake. "Habari ya Milimani? Hapa upepo unataka kunivua suruali, na hawa mama wa samaki wanangoja kwa hamu."

Chini ya mnara wanawake walisikika wakicheka. "Jaduong', mzee wetu, shikilia vizuri!" mmoja akapiga kelele.

"Wadudu wa ziwa wamepanda kama moshi," mzee akaendelea. "Hata mnara wa Milimani ninaoulenga siuoni. Leo ni wewe tu, mama. Nisomee."

Robinson akatikisa kichwa, akaonyesha simu kwa kidole.

Zuleha alikuwa na njia. Angeweza kuuliza kwa ile sauti yake nyembamba, mzee asisikie, akabaki akisema nini, nini, mpaka ashtuke. Koo lake lilikuwa linajua hivyo. Akaishusha sauti, nzito, wazi.

"Mzee, inalia?"

Upepo ukapita. Namba ilikuwa themanini na tatu, sahani haijaguswa.

"Mapema hivi?" mzee akasema, kisha akacheka. "Basi leo Mungu amenionea huruma. Inalia, mama. Inalia vizuri kabisa."

Robinson akaziba mdomo kwa kiganja. Akainama kwenye simu. "Mzee, ni Robinson. Inaliaje? Hapa line ni mbaya, tuimbie."

"Ah, boss, si unaijua."

"Tuimbie tu."

Na mzee, mita thelathini juu ya soko, akaimba. "Pi, pi, pi-pi-pi, piiiii!"

Ofisi ikapasuka. Kule chini Wandera alikuwa anarekodi, na soko nalo likacheka bila kujua linacheka nini.

"Walubengo," Robinson akasema, akipangusa macho, "kidude kimezimwa. Zuleha amekizima kabla hujatia neno. Shuka, Wandera atapanda."



"Zuleha," mzee akasema. "Amesema kweli?"

Zuleha akakodolea macho skrini.

"Sawa. Sishuki nikiacha sahani imepinda. Sijawahi. Nisomee namba nimalize, halafu nitashuka nirudishe kamba yenu. Ngapi?"

Robinson akaweka kidole mdomoni, akamtazama Zuleha.

Kwenye skrini namba ikaanza kutembea. Mzee alikuwa anaigeuza sahani kwa mkono, kidogo kidogo, kama anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Themanini. Sabini na nne.

"Ngapi sasa, mama?"

Sitini na sita.

"Ngapi?"

Hamsini na saba. Pazuri kuliko ilivyokuwa kabla ya upepo. Zuleha aliliona lile neno moja, kaza, limesimama kwenye ulimi wake. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa meza. Hakusema.

"Mama?"

Mzee akangoja. Kisha akafikiri bado hajafika, akasukuma tena. Sitini na tisa. Themanini na moja. Mstari wa Otonglo ukawa mwekundu, namba ikapotea, ukurasa ukakataa kufunguka kabisa.

"Mmeona?" Robinson akawaambia watu. "Hata kulenga hajui." Akakata simu.

Wandera alipanda saa tano, akamaliza kwa dakika kumi, Zuleha akimsomea namba kwa sauti yake ya kawaida. Mzee alikuwa ameshaacha kamba na mkanda chini ya mnara na kuvuka barabara.

Ripoti iliandikwa na Zuleha, maana yeye ndiye mwenye mwandiko na lugha. Aliandika kwamba mkwezi alishindwa kuelekeza sahani. Robinson akaisoma, akamrudishia.

"Ongeza kwamba alipewa muda wa kutosha."

Akaongeza.