Mafuta ya Breki ya Mdogo Mtu

Kabla ya ajali walimwita Kona, kwa jinsi alivyozipenda kona za uwanja wa mbio za magari. Baada ya ajali jina hilo liliwakwama watu kooni, na yeye hakulidai. Siku hiyo alikanyaga breki, pedali ikazama hadi chini kama amekanyaga uji. Mafuta ya breki yalikuwa mazuri, ila yalikaa kwenye gari msimu mzima yakinywa unyevu wa hewa. Yalipopata moto yakachemka, yakajaa mapovu. Madaktari waliukata mguu wa kulia.

Sasa mdogo wake wa kike, mwenye shingo ngumu kuliko nati iliyoshika kutu, alitaka kushindana kwa gari lile lile, lililonyooshwa bodi na kupakwa rangi upya. Mama yao alisusa.

"Mmoja nimerudishiwa nusu," alisema. "Wa pili sitaki kurudishiwa kwenye sanduku."

Kona hakumkataza mdogo wake. Kumkataza yule ni kumpigia mbuzi gitaa. Alisema tu, "Mafuta ya breki nitachagua mimi."

Muuza vipuri alimpangia chupa mezani, akamsogezea moja. "Hii ndiyo ya mashindano. Kuichemsha ni kazi!"

"Ikiwa mpya," alisema Kona. "Ikishanywa unyevu je?"

Muuzaji akaigeuza chupa, akasoma mgongoni, akakuna kidevu. "Hapo kiwango chake cha kuchemka kinashuka sana. Hii ya pili haifiki juu kama ile, lakini inavumilia. Wengi huchukua hii, wakasahau."

"Sisi hatusahau. Nipe ya kwanza, na isiwe imefunguliwa. Kila baada ya mbio tutamwaga."

Kule gereji alijiteremsha sakafuni, magongo pembeni, akachomeka mpira mwembamba kwenye nati ya breki ya kutolea upepo. Mdogo wake aliketi kwenye usukani.

"Kanyaga. Shikilia." Akalegeza nati, mapovu yakakimbia ndani ya mpira. Akaikaza. "Achia."

Wakaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, hadi mapovu yakaisha.

"Kaka," binti aliuliza, bila kugeuka. "Siku ile uliogopa?"

Tangu ajali, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kona aliifuta spana, ingawa haikuwa chafu.

"Sikupata muda. Nilimwita mama tu."

Mlangoni mtu alivuta pumzi. Mama alikuwa amesimama pale, hawakujua tangu saa ngapi. Alikuja hadi kwenye gari, akamgusa binti bega.

"Teremka."

"Mama, tafadhali..."

"Nimesema teremka, sijasema usiende."

Akaingia yeye, mwanamke ambaye hajawahi kushika usukani, akavua kiatu. "Breki ipi?"

"Hiyo ya katikati, mama."

Akaikanyaga kwa nguvu zake zote, meno ameyauma. Pedali ilishuka kidogo, ikagoma. Akakanyaga tena. Ikagoma tena. Akaendelea kuishikilia, mguu ukitetemeka, machozi yakimshuka bila sauti, na wanawe hawakuthubutu kumwambia aachie.

Siku ya mbio Kona alisimama kwenye uzio wa kona ile ile aliyopatia ajali, mama kando yake. Magari yalikuja yakinguruma. La mdogo wake lilikuwa nyuma ya mengi, na likaja kasi kuliko alivyopenda. Kona akahisi mguu wake wa kulia, ule usiokuwepo, ukikanyaga kwa nguvu. Mama akamshika mkono. Taa nyekundu za nyuma ziliwaka, pua ya gari ikainama, likakata kona safi na kupotea.

"Breki zimeshika?" mama aliuliza. Alikuwa amefumba macho.

"Zimeshika."

"Atapita tena hapa?"

"Atapita tena na tena, mama."

Mama akafumbua macho, akaukumbatia uzio, akangoja.