Mzaramo Aliyelala Kwenye Lami

Kama kuna mtu Tabora nzima ambaye hakufaa kupewa habari ya kweli aipeleke kwa wenzake, basi ni Sabiri, fundi wa kushona viti vya pikipiki pale Cheyo. Si kwamba ni mwongo. Ni Mzaramo tu, tena kahamia kwa Wanyamwezi, na hao wawili ni watani tangu enzi za misafara, babu wa huyu alipofika pwani na pembe begani akamkuta babu wa yule kakaa mkao wa kula. Kwa hiyo Sabiri alikuwa na ruhusa ya kumtania nusu ya mji, na ruhusa hiyo hakuilaza hata siku moja.

Aliyeonja zaidi ni Amon, Mnyamwezi mfuga nyuki wa Ipole, mbele ya Sikonge, ambaye Sabiri alimuuzia pikipiki yake mwaka juzi. Sabiri aliwahi kumpigia simu kwamba simba kaonekana barabara ya Ipole, Amon akalala Sikonge siku mbili kwa kumwogopa simba ambaye hakuwapo. Amon naye hakukaa kimya. Alimtumia ndoo imefungwa vizuri, imeandikwa "asali mbichi", na Sabiri akaifungua kwa mbwembwe mbele ya wageni wake wa Idi akakuta maji ya mto. Walichekana wiki nzima.

Sasa, asubuhi ya Alhamisi moja, ujumbe uliingia kwenye simu ya Sabiri. Aliusoma kwa sauti, sindano ikiwa bado mdomoni.

"Mpendwa mteja. Pikipiki yako aina ya Tandala 150, namba ya chesisi inayoishia na 4417, ni miongoni mwa zinazorudishwa na kiwanda. Chuma kinachoshika usukani na gurudumu la mbele kinaweza kukatika ghafla, hasa ikibeba mzigo. Acha kuiendesha mara moja. Fika kwa wakala wetu, utabadilishiwa bure."

"Wamechelewa hawa," akasema. "Tandala nilishauza."

Hafsa, mkewe, alikuwa anamimina chai. "Kadi ya pikipiki ina jina la nani?"

Sindano ilimdondoka. Waliuziana kama tunavyouziana wengi wetu: karatasi ya daftari, sahihi mbili, mjumbe shahidi, funguo hizi hapa, kwaheri. Jina kwenye kadi tutabadilisha wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo haijafika mpaka leo! Kiwanda kilimjua Sabiri, kikamwandikia Sabiri. Kwamba duniani kuna Amon, kiwanda hakikuwa na habari.

Na Alhamisi ndiyo siku ambayo Amon hupeleka asali Sikonge: ndoo nne nyuma, Levina mkewe kabanwa katikati.

Sabiri alipiga simu. "Amon! Usipande hiyo pikipiki! Kiwanda kimeiita irudi, usukani unaweza kukatika!"

Upande wa pili kikalipuka kicheko. "Jamani njooni msikie," Amon akawaita wenzake wanaopima asali, akaweka simu kwenye spika. "Mzaramo kaamka na mpya. Safari hii si simba, ni usukani!"

"Haki ya Mungu, Amon."

"Hata ya simba uliapa."

"Nakutumia huo ujumbe uusome mwenyewe."

"Umeutunga na mkeo. Kacheze ngoma, mwana wa pwani, sisi tuna kazi." Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupatikana. Mara kumi haikupatikana.

Ndugu msomaji, kuna adhabu kubwa kuliko kusema kweli ukaonekana unachekesha? Sabiri alitoka mbio na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akavuka kwenda mtaa wa Ipuli kwa Nasri, kijana wa bodaboda ambaye viti vyake vyote vilishonwa na Sabiri.

"Shikamoo mjomba, mbona mbio?"

"Marahaba. Nipeleke Ipole, sasa hivi!" Akaruka juu ya kiti, kisha akaruka chini kama kakalia moto. Ubavuni mwa tangi paliandikwa Tandala 150.

"Namba yako ya chesisi ngapi?"

"Sijui, mjomba. Nani anaijua?"

Hakuna anayeijua, huo ndio ukweli wetu. Namba imepigwa kwenye chuma cha shingo, chini ya usukani, na pale Nasri alikuwa kabandika stika tatu na kufunga mipira ya rangi mbili. Walibandua kwa kucha, wakasugua kwa mafuta ya taa. Nasri akapiga simu kwa wakala, akaisoma tarakimu moja moja, moyo juu. Upande wa pili dada mmoja alipekua orodha yake taratibu kana kwamba ana siku nzima, mwisho akasema yako haimo.

"Haimo!" Nasri akapiga kelele, akamkumbatia Sabiri, akamvalisha kofia ngumu, na wakaondoka.

Kwenye lami ile ya kusini Nasri alikunja mwili, upepo ukapiga, mabanda ya kukaushia tumbaku yakapita, mizinga juu ya miti ikapita. Sabiri alikodolea macho kila pikipiki iliyotokea mbele. Ile! Siyo. Ile nyekundu! Siyo, imebeba mkaa. Sikonge wakaipita bila kusimama. Mdomoni mwake kulikuwa na dua na matusi vimechanganyika, na yote yalikuwa ya Amon.

Walipomaliza kona moja baada ya Sikonge, akaiona. Nyekundu, ndoo nne, kitenge cha Levina kinapepea.

"Simama!" Sabiri alimfokea Nasri. Alishuka kabla pikipiki haijatulia, akapunga mikono. Kwa mbali aliona meno ya Amon. Jamaa anacheka, tena anaongeza mwendo, anajiandaa kumpita pembeni.

Ndipo Sabiri akafanya jambo ambalo mtani hulifanya mahali pamoja tu. Akalala chali katikati ya barabara, miguu imenyooka, mikono kifuani. Nyuma yake Nasri akakata tawi na kulitikisa ili magari yapunguze mwendo.

Mnyamwezi yeyote anaujua ulalaji ule. Siku ya maziko mtani huingia kaburini akalala hivyo hivyo, akagoma kutoka mpaka wafiwa wampe ada yake, na watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Amon alifunga breki taratibu, akasimama hatua tatu kutoka miguuni pake.

"Nani kafa hata ulale hapo?"

"Wewe, Amon."

Kicheko kikamkauka.

"Ukifa wataniita mimi," Sabiri akasema akitazama mbingu. "Nitalala kaburini mwako, niwachekeshe watoto wako. Kazi hiyo naijua. Lakini niliyekuuzia chuma kilichokuua ni mimi, sasa nitachekesha nini? Siinuki. Shuka, au pita juu yangu."

"Shemeji Sabiri hatanii," Levina akasema, akashuka. Amon akashuka pia, shingo upande bado. Akashusha ndoo, akapangusa vumbi shingoni mwa pikipiki. Palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. "Huu mkwaruzo tu," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Akashika usukani akaukandamiza. Mara moja. Mara mbili.

Ta!

Usukani ukabaki mikononi mwake. Gurudumu likalala upande, pikipiki ikapiga magoti palepale iliposimama.

Levina aligeuka kuangalia nyuma, mteremko mrefu wa mtoni walioushuka dakika tano zilizopita, akakaa chini. Amon naye akakaa, usukani ungali mapajani.

"Asante, ndugu yangu," akasema polepole.

Sabiri aliogopa kuliko alivyoogopa asubuhi. Miaka yote hajawahi kuitwa ndugu na mtu huyu. "Nitukane," akamwambia. "Nakuomba. Ukiniita ndugu naona kama umeshakufa kweli."

Amon alifuta macho kwa kiganja. "Inuka, Mzaramo mvivu wewe. Wenzako wanalala kaburini, wewe unalala kwenye lami kama mbuzi."

"Mpagazi wewe! Siinuki bila ada yangu."

Levina alifungua ndoo, akamega kipande cha sega, akamtia mdomoni palepale alipolala. Ilikuwa asali kweli safari hii. Sabiri aliitafuna huku analia, na mguu mmoja ukagoma kabisa kuinuka, kana kwamba nao unadai ada yake.